Mwalimu wa Kwaya na Orodha ya Desemba

Mwalimu wetu wa kwaya aliweza kukohoa mara saba katika wimbo wa dakika tatu, na sote tuliokaa pale sebuleni tulijua hana ugonjwa wowote. Alikuwa ameusikiliza wimbo huo peke yake mapema, akaandika kwenye kijitabu sekunde ambazo matusi yanapita, na sasa alikuwa akitusikilizisha sisi wanakwaya huku akiyafunika moja baada ya jingine. Hakukosea hata moja. Tusi likiwa refu, kikohozi nacho kilirefuka. Siku moja Mchungaji alitutembelea akakuta kikao kimepamba moto. Alimsikia anavyokohoa, akainuka, akamwekea mkono begani na kukiombea kifua chake. Mwalimu aliinamisha kichwa, akaitikia amina kwa heshima zote, halafu akaurudisha wimbo mwanzo ili tusipoteze mtiririko.

Hapo ni Najma, mjini Doha, sebuleni kwa mume na mke kutoka Kampala ambao walimkodisha Mwalimu chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa mlinzi. Nililala Sanaiya, kule eneo la viwanda, tukiwa wanane chumba kimoja, na kila Ijumaa, ambayo ndiyo Jumapili yetu sisi Wakristo wa huko, nilitoroka kambi nikaenda kuimba. Mwalimu aliniita Besi. Wanakwaya wote aliwaita kwa sauti zao, na ukihama sauti unahama na jina. Sisi nasi hatukumwita kwa jina lake. Alikuwa Mwalimu hata kwa wale waliomzidi umri. Alizaliwa wapi na ni binti wa nani, hayo hayamo humu, kwani kwa miaka yote niliyomfahamu hakuona kama yanamhusu mtu. Kazi yake tu ndiyo nitaitaja, maana bila hiyo hamtamwelewa: alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuhesabu pumzi.

Alikuwa na ile saa ndogo ya wauguzi inayoning'inia kifuani kichwa chini, ili mwenyewe akitazama chini aisome sawasawa. Aliivaa hata kanisani. Tukiimba, alikuwa anaitazama hiyo saa kuliko alivyotutazama sisi, na wimbo ukiisha alitwambia nani amepumua mara ngapi na wapi. "Alto, umepumua katikati ya jina la Yesu. Umemkata vipande viwili." Wenye kwaya nyingine walifundisha sauti. Yeye alifundisha mahali pa kuvuta hewa, akasema sauti itajileta yenyewe. Kauli yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka tukawa tunaisema usingizini: pumua kwa sababu, usipumue kwa hofu.

Sasa mtu atauliza, mama mwenye heshima zake, mlezi wa kwaya, asiyevumilia hata televisheni ya jirani ikipandishwa sauti, alifikaje kwenye graimu, ile rap ya haraka ya vijana wa London? Nami niliuliza. Alinijibu mara moja tu, tukiwa kwenye saiba moja ya Najma, duka la kukodi intaneti, tumekaa kiti kando ya kiti, tumegawana vipokea sauti vya masikioni, yeye sikio la kulia na mimi la kushoto.

Alikuwa na binti. Alipokuja Doha alimwacha kwa bibi yake huko nyumbani, akamwambia ni miaka miwili tu. Miaka miwili ikaja na kupita. Bibi akachoka, na shangazi wa mtoto, upande wa baba, akamchukua kwenda kuishi naye London, binti akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu aliomba viza ya kwenda kumwona mara mbili, akanyimwa mara mbili. Ikabaki simu. Kila wiki alinunua kadi, akapiga, na binti akamjibu kwa neno moja moja. Shule? Poa. Shangazi? Sawa. Umekula? Mm.

"Nilikuwa namaliza kadi nzima nikiongea peke yangu," alisema. "Siku moja nikasikia nyuma yake mtu anaongea mbio, mbio, hapumui. Nikamuuliza, ni nani huyo, na anapumulia wapi? Besi, mtoto akacheka. Akanieleza dakika ishirini. Dakika ishirini! Kadi ikakata akiwa bado anaeleza."

Kuanzia siku hiyo alijisomea muziki ule kama anayejiandaa kwa mtihani. Mimi niliingia hapo kwa sababu nilijua kutafuta vitu mtandaoni na yeye hakujua. Tulianza mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati video moja ilichukua muda wa kumaliza glasi ya karaki, ile chai ya maziwa ya huko, kabla ya kufunguka. Alikuja na majina aliyoyaandika kama alivyoyasikia kwenye simu, na mimi nikabahatisha mpaka tuyapate. Majina yale hayakumkaa kinywani, basi akawapa wasanii majina yake mwenyewe, na binti akayapenda hata zaidi ya yale ya kweli. Mimi nitayatumia hayo hayo. Kuna mtu London aliyejaza ukumbi mkubwa bila kujua kwamba huku Najma anaitwa Karani.

Jambo lililompendeza zaidi ni mwendo. Alipima nyimbo kwa ile saa yake, moja baada ya nyingine, akakuta nyingi zinapiga mia moja na arobaini kwa dakika, au hapo karibu. Alitoa kile kipokea sauti sikioni akanitazama.

"Unajua mia na arobaini ni nini?"

"Ni spidi, Mwalimu."

"Ni moyo wa mtoto mchanga. Aliyezaliwa leo, mzima, amelala. Ukimwekea kidole hapa, utaupata." Akajigusa kifuani. "Na hawa vijana wanadhani ni wao wamevumbua."

Namba hiyo iliingia kwenye kwaya. Pale makanisani nje ya mji, ambako madhehebu yote yamewekwa ndani ya ukuta mmoja, kila lugha ilikuwa na saa yake ya kutumia ukumbi, na baada yetu Waswahili waliingia Wamalayali, Wahindi wa Kerala, watu wa kutunza saa. Ijumaa moja waliotutangulia walichelewa kutoka nusu saa nzima. Tulibakiwa na dakika chache na nyimbo nne. Mwalimu alipanda mbele, akatazama kifuani, akainua mkono na kusema kwa sauti ndogo, "Mia na arobaini." Tulimwelewa. Tuliimba tenzi nne kwa mwendo wa graimu, maneno yote yakiwa safi, kila mmoja akipumua pale alipoambiwa. Mzee mmoja wa kanisa alishikilia benchi. Baadaye alisema hajawahi kumwona Roho akikimbia namna ile. Tulitoka dakika moja kabla ya wakati, na Wamalayali mlangoni wakatupigia makofi.

Sifa hakuwa nazo, Mwalimu. Yaani hakuwa mtoaji wa sifa. Kubwa kabisa aliyowahi kumpa mtu ilikuwa "Si mbaya sana," na mimi niliipata mara moja katika miaka yote hiyo, nikaandika barua nyumbani. Alikuwa mkali kwa wachelewaji na yeye mwenyewe alichelewa kila mara, kwa sababu alikuwa hawezi kutoka wodini kama kuna mtoto anayepumua vibaya. Alikataza ngoma na kinanda cha umeme, akisema vinaficha uvivu. Na huyohuyo alikuwa anapiga pasi sare zake za kazi huku akirap, chini chini, kwa Kiingereza cha London alichokariri bila kosa. Mama mwenye nyumba aliniambia alisimama mlangoni akamsikiliza mpaka chai ikamwagika jikoni.

Basi, orodha. Kila Desemba, Ijumaa ya mwisho, Mwalimu na binti yake walisomeana kwa simu wasanii watano waliotia fora mwaka huo katika rap ya Uingereza, kuanzia wa tano mpaka wa kwanza. Kila mmoja aliandika yake kwenye karatasi kabla, kwa siri. Mwalimu ndiye aliyesoma kwanza kila mwaka, na binti ndiye aliyetaka iwe hivyo. Mwaka wa kwanza, binti akiwa na miaka kumi na mitano na hasira bado, walipogundua wa kwanza wao ni tofauti, binti alisema, "Siku tutakubaliana namba moja, nitakuja huko kwenu nikuone."

"Alisema kwenu," Mwalimu aliniambia. "Lakini alisema atakuja."

Ikawa ndiyo ahadi. Mwalimu hakuichukulia kama mzaha hata kidogo. Mwaka mzima alisikiliza, akahesabu, akafuta na kuandika upya, na ikifika Desemba kwaya nzima ilikuwa na roho juu. Miaka ikaenda. Walikubaliana wa tano, wakakubaliana wa tatu, mwaka mmoja walilingana kuanzia wa tano mpaka wa pili, neno kwa neno, sote pale sebuleni tumesimama. Ilipofika wa kwanza, kila mtu na wake. Alto alilia. Mwalimu alicheka akamwambia binti, "Haya, nieleze kwa nini," na wakabishana saa moja na nusu.

Mimi nilikuwa naona ujinga. Simu zenyewe za kuhesabika, mtoto mmoja, na njia ya kumleta iko wazi. Nilimwambia.

"Mwalimu, si uandike tu yule anayempenda? Unamjua mtoto wako. Bahatisha."

"Nilimwambia nakuja baada ya miaka miwili," alinijibu. "Ulikuwa uongo, ingawa sikujua kama ni uongo. Siwezi kumpa uongo wa pili."

Ningekuwa mtu wa kusikia, ningeachia hapo.

Mwaka wa kosa langu ulikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, mwaka ambao graimu ilirudi kwa kishindo baada ya watu kuisahau. Hata kambini Sanaiya vijana walianza kuipiga kwenye simu zao, na Mwalimu akatembea kama mtu aliyeshinda kesi. Alisema hajapata mwaka mgumu kuchagua kama huo. Nakumbuka orodha yake yote, kwa sababu mimi ndiye niliyeisoma.

Wa tano alikuwa Fundi wa Jikoni, kijana aliyejirekodi video jikoni kwa mama yake, sufuria zimepangwa nyuma yake rafuni. Mwalimu alimpa nafasi kwa ajili ya pumzi zake ndefu, na alikiri kwamba na zile sufuria zilichangia, maana ziling'aa, na hilo linaonyesha kijana anaosha. Wa nne, Karani, aliyelitamka kila neno kama anagonga muhuri. Wa tatu alikuwa Kijana wa Kofia, kipenzi cha wengi mwaka huo, mwenye mbio za ajabu. Mwalimu alimkubali mbio lakini akamkata kwa kosa moja: alivuta pumzi katikati ya neno. Wa pili, Aliyerudi, mtu mzima aliyenyamaza miaka mingi akaja tena na sauti nzito zaidi. Mwalimu alisema huyo ameponywa na kunyamaza. Na wa kwanza alikuwa dada mmoja ambaye Mwalimu alimwita Mama Mkwe, kwa sababu alirap taratibu, bila kupandisha sauti, kama mtu aliyeingia nyumbani kwako akaanza kukagua vyombo. Beti ya mistari kumi na sita, pumzi nne. "Nne," Mwalimu alirudia, akanionyesha vidole. "Na zote kwa sababu."

Wiki ile ya mwisho tuliimba nyimbo za Krismasi kila jioni, na ilipofika Ijumaa Mwalimu hakuwa na sauti kabisa. Alifungua mdomo ikatoka hewa tu. Akanipa karatasi na simu ikawekwa mezani kwenye spika. Kwaya ilijibana sebuleni, sinia la chapati katikati.

Mimi nilikuwa na siri. Siku mbili kabla, nilikuwa nimeingia kwenye ukurasa wa mtandaoni wa binti yake, nikaona ameandika maneno mengi ya kumsifia Kijana wa Kofia, kwamba hakuna kama yeye mwaka huu. Basi nilisoma wa tano, nikasoma wa nne. Kwenye nafasi ya tatu nikamweka Mama Mkwe. Nikasoma wa pili. Kisha nikasema, kwa sauti yangu yote ya besi, "Na wa kwanza, Kijana wa Kofia."

Mwalimu alinigeukia taratibu.

"Nani amesema hivyo?" binti akauliza.

"Mwalimu. Mami yako. Ndiyo imeandikwa hapa."

"Haiwezekani. Mami hawezi kumweka huyo wa kwanza. Yule anavuta pumzi katikati ya neno. Ananiambia tangu mwezi wa tatu." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mami yuko wapi? Ni mgonjwa? Nyinyi mnanificha nini?"

Mwalimu aligonga meza na kijiko mara mbili ili mtoto ajue yupo, akanyakua kalamu na kuandika mgongoni mwa karatasi: SEMA UKWELI. Nikausema. Nilisema mbele ya kwaya nzima kwamba sauti ya Mwalimu imekauka, kwamba nimebadilisha mimi, na kwamba wa kwanza wake ni Mama Mkwe. Upande wa pili nilisikia kicheko kinaanza kidogo kidogo mpaka kikamshinda. Alicheka mpaka akakosa hewa, na Mwalimu naye, bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Binti alipotulia alivuta pumzi, akasema, "Basi wangu mimi ndiye huyo huyo Kijana wa Kofia. Pole, Besi. Ulikaribia."

Adhabu yangu ilikuwa wiki tatu kusimama katikati ya akina dada wa sauti ya kwanza, mdomo umefungwa, nikiwafunulia kurasa. Nilistahili. Lakini kilichoniuma ni kingine. Nilirudi Sanaiya nikijiambia kwamba nilikuwa sahihi kumjua mtoto yule na kwamba, kama Mwalimu angekubali uongo mdogo tu, sasa hivi tungekuwa tunapanga safari ya kwenda uwanja wa ndege. Nilikaa na uchungu huo muda mrefu. Nilimpenda Mwalimu, na nilimwona anajinyima mwanawe kwa ukaidi.

Mwaka uliofuata kampuni ilinihamishia Al Wakrah, kulinda nyumba za familia, na Ijumaa zangu zikawa za kazi. Kwaya ikanipotea. Nilikuwa nasikia habari zake kwa juu juu, kwamba ana simu mpya, kwamba sasa anatuma ujumbe wa sauti, kwamba bado anakohoa. Ikapita kama miaka miwili hivi.

Halafu Desemba moja, Ijumaa, nilikuwa nimemaliza zamu ya asubuhi, natembea ufukweni Al Wakrah kunyoosha miguu. Baridi ile ya huko ya kupendeza, familia zimetandika mikeka kwenye nyasi. Nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi kifupi, kimya, kisha kirefu. Niligeuka kabla sijafikiri.

"Wee Besi," Mwalimu alisema, bila kuinuka mkekani. "Umechelewa."

Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza mvi. Saa ilikuwa palepale. Kando yake alikaa msichana mkubwa, miguu ameikunja, simu inaimba mbele yake, na uso wake ulikuwa uso wa Mwalimu bila miwani. Sikuhitaji kuambiwa. Nilijikuta nimeketi chini, sijakaribishwa, nimeshika mkono wa mtoto wa watu na siuachii.

"Mmekubaliana," nilisema. "Hatimaye mmekubaliana."

"Wapi!" Mwalimu akasema. "Hata leo bado. Orodha ni leo. Ngoja nilete karaki, hapa karibu tu."

Alipoondoka nilimuuliza binti amekujaje basi. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafutatafuta, lakini kilifika.

"Nilianza kazi, nikanunua tiketi. Sikungoja orodha." Akatazama alikoelekea mama yake. "Nikwambie kitu, usimwambie. Ule mwaka ulisoma wewe, karatasi yangu iliandikwa Mama Mkwe."

"Lakini kwenye ukurasa wako..."

"Ule ni wa marafiki, bana. Karatasi ilikuwa Mama Mkwe. Na mwaka wa nyuma yake tulilingana pia. Miaka minne, Besi. Mami anasoma, naona tumelingana, nabadilisha."

Nilimuuliza kwa nini, na nadhani nilimuuliza kwa hasira kidogo.

"Mwanzo nilikuwa na hasira, sikutaka kuja. Baadaye nikaogopa. Tukikubaliana, nitakuja wiki moja, nitarudi, halafu tutaongea nini tena? Shule poa, shangazi sawa? Nilikuwa sina kitu kingine na yeye. Nikaona heri tubishane."

Niliinuka nikamfuata Mwalimu kumsaidia kubeba glasi, na nilipomfikia alikuwa amesimama kwenye foleni ya karaki ananitazama.

"Amekwambia," alisema.

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta pesa ya karaki.

"Usijisumbue. Nilijua tangu mara ya kwanza. Akisema la kweli, anasema tu. Akitaka kubadilisha, anavuta pumzi kwanza, kabla ya jina. Mimi nahesabu pumzi za watoto kila siku, nishindwe na ya wangu?"

"Na ukamwacha? Miaka minne, Mwalimu? Ungemwambia tu, angekuja."

"Angekuja amekamatwa." Alipokea glasi mbili, akanipa ya tatu. "Mwimbaji ambaye hajawa tayari kuingia, mimi simvuti. Nampigia tena kutoka mwanzo. Anazunguka, anazunguka, siku moja anaingia mwenyewe." Akatazama mkekani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anashindwa kutuliza uso wake. "Ameingia, Besi. Siku tisa sasa analala chumbani kwangu. Anakoroma."

Tulirudi. Chapati zikafunuliwa. Binti akatoa karatasi yake iliyokunjwa, Mwalimu akatoa yake kwenye kijitabu, na Mwalimu akasema mwaka huu hakuna wa kusoma kwanza, Besi afungue zote mbili, wa kwanza tu, atwambie kama tumekubaliana. "Na safari hii usome kilichoandikwa," aliongeza.

Nilizifungua. Mama Mkwe alikuwa ametoa nyimbo mpya mwaka huo. Kwenye karatasi ya kwanza, kwa mwandiko wa muuguzi, lilikuwa jina lake. Kwenye ya pili, kwa herufi kubwa za duara, lilikuwa jina lake.

Walikuwa wananitazama wote wawili. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, glasi mikononi, wamejiweka tayari kwa jioni nzima, na binti alikuwa na siku tano tu kabla ya ndege. Nilizikunja zile karatasi nikazitia mfukoni mwa sare yangu.

"Hamjakubaliana," nikasema.

Mwalimu alitazama saa kifuani, kisha akanitazama mimi.

"Umepumua kwanza, Besi," alisema. Alimgeukia binti yake. "Haya. Wewe umemweka nani?"

Binti alivuta pumzi. Niliisikia kutoka nilipokaa.

"Kijana wa Kofia," akasema.

"Nani?" Mwalimu akaweka glasi chini. "Huyu wa kuvuta hewa katikati ya neno? Mtoto wewe, nimekulea wapi?"

"Kwa simu," binti akamjibu, na wote wawili wakaangua kicheko, kisha wakaanza kubishana. Mimi nikamega chapati, nikanyoosha miguu.